Mkojo Upimwe Kabla ya Vidonge

Katika shule nyingi za bweni humu nchini, msichana anayehisi uchungu aendapo haja ndogo hukabiliwa na maadui wawili: viini vilivyomo kibofuni, na macho ya watu. Akimweleza matroni shida yake, huenda swali la kwanza likawa alikuwa na nani wakati wa likizo. Basi hunyamaza. Hupunguza hata kunywa maji ili asionekane akienda msalani kila mara, na kwa kufanya hivyo huvipa viini nafasi ya kuzaana.

Ni jambo la kusikitisha kwamba maambukizi ya njia ya mkojo yangali yanachukuliwa kuwa ushahidi wa uasherati. Mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye Escherichia coli, ambaye makao yake ya kawaida ni matumbo yetu sote, mwalimu mkuu akiwemo. Mfereji wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, ilhali wa mwanamume hukaribia sentimita 20. Safari ya kiini hadi kibofuni ni fupi mno kwa msichana, na hata yule ambaye hajamjua mwanamume huweza kuambukizwa.

Aibu hiyo ndiyo humpeleka kwenye duka la dawa. Hunong'ona dirishani, akapewa viuavijasumu bila cheti cha daktari, kinyume cha sheria. Siku ya pili akipata nafuu, huviacha, na vilivyosalia humgawia rafiki. Mwaka wa 2017 serikali ilizindua sera ya kitaifa ya kupambana na usugu wa viini dhidi ya dawa, lakini nani aliyewasomea wauzaji wetu?

Upimaji wenyewe hauna maumivu. Mgonjwa hujisafisha kwa maji, akauacha mkojo wa kwanza uende, kisha akaukinga ule wa katikati katika kichupa safi cha maabara (si chupa ya soda iliyosuuzwa). Ukanda wenye kemikali hutumbukizwa humo, na rangi zake hubadilika kwa muda wa dakika chache kuashiria chembechembe nyeupe za damu au dalili za bakteria. Hadubini huongeza ushahidi. Ugonjwa unaporudi mara kwa mara, mkojo huoteshwa maabarani kwa siku 1 au 2, kisha viini vikajaribiwa kwa dawa mbalimbali ili ijulikane ni ipi itakayoviua. Mkojo usiotiwa katika jokofu ufikishwe maabarani kabla ya saa 2 kupita, la sivyo bakteria watazaana kichupani na majibu yatapotosha. Shule iliyo mbali na hospitali heri impeleke mwanafunzi mwenyewe kuliko kukituma kichupa.

Kwa wenzetu wa Kwale na Tana River, kuna sababu nyingine. Kijana aliyeogelea kidimbwini akakojoa damu huenda ana kichocho. Viuavijasumu havikitibu, dawa yake ni praziquantel. Mayai ya kichocho hutafutwa katika mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Atakayebahatisha vidonge atauacha ugonjwa ukiendelea kukila kibofu.

Homa, kutapika na maumivu ya ubavuni ni ishara kwamba huenda figo zimefikiwa. Hapo pasingojwe mwisho wa wiki wala mwisho wa mtihani. Mgonjwa apelekwe hospitalini siku iyo hiyo.

Nao walimu wanaokataza kwenda msalani wakati wa kipindi, kwa kuhofia utoro wa hisabati, wafikirie upya amri hiyo. Na barua ya ruhusa ya kwenda hospitalini iseme tu kwamba mwanafunzi ni mgonjwa. Askari wa langoni hana haja ya kujua ni mgonjwa wa nini.