UFUNGUO MLANGONI: NANI AMFUNGULIE MGENI NYUMBA INAYOUZWA?

Mgeni akibisha hodi, mwenye nyumba ndiye amkaribishaye. Hivyo ndivyo wazee walivyotufunza, na hata mtoto mdogo ajua kwamba haifai mtu kuingia chumba cha mwenziwe pasipo mwenyewe kuwapo. Lakini nchini Marekani ziko nyumba nyingi sana ambazo mgeni huingia, akapanda ngazi, akafungua makabati na kuchungulia hata chumba cha kulala, ilhali mwenye nyumba hayupo, na dalali aliyekabidhiwa kazi ya kuiuza naye hayupo. Ufunguo huchukuliwa pale pale mlangoni, ndani ya kisanduku kidogo cha chuma kilichoning'inizwa kwenye kitasa.

Jambo hili kwa mbali laonekana ni la ajabu. Ukilitazama kwa makini, lagusa maisha ya kila jamaa inayohamahama, na hasa jamaa ya askari. Yafaa basi lichunguzwe, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo kuhusu mali, usalama na uaminifu.

KISANDUKU CHA UFUNGUO

Huko Marekani uuzaji wa nyumba aghalabu hupitia mikononi mwa madalali wawili. Wa kwanza ni dalali wa muuzaji, ambaye hupiga picha, hutangaza bei na kuiandikisha nyumba katika orodha ya pamoja inayosomwa na madalali wote wa eneo lile. Wa pili ni dalali wa mnunuzi, ambaye humtembeza mteja wake nyumba hata nyumba. Wote wawili hawana budi kuwa na leseni ya jimbo wanalofanyia kazi.

Kwa kuwa dalali wa mnunuzi aweza kuonyesha nyumba tano au sita kwa siku moja, na kila nyumba ina dalali wake, kuwakutanisha watu wote hao kwa saa moja ni kazi ngumu. Ndipo kilipopata umaarufu kisanduku cha ufunguo. Kipo cha aina mbili. Cha kwanza ni kile cha tarakimu za kuzungusha au kubonyeza. Ajuaye tarakimu hufungua. Cha pili ni cha umeme, ambacho hufunguliwa kwa kifaa maalumu au kwa simu ya dalali aliyesajiliwa, nacho huandika jina la aliyefungua, siku na saa.

Tofauti ya visanduku hivi viwili si ndogo. Tarakimu zikishatajwa kwa fundi wa mabomba, fundi akamwambia msaidizi wake, na msaidizi akamwambia rafiki yake, hakuna tena awezaye kusema nani ameingia. Kisanduku cha umeme kinaweka daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huo watimia hapa hasa. Kitu kikipotea ndani ya nyumba, dalali hufungua kumbukumbu zake na kuona ni nani waliofungua mlango juma lile. Hata hivyo, daftari hilo humtaja dalali tu. Halimtaji mteja aliyefuatana naye, wala halisemi mkono wa nani uliingia katika mtoto wa meza.

MFANO WA SAJINI ALIYEHAMISHWA

Na tuchukue mfano wa kuelewesha tu. Sajini wa jeshi la Marekani anakaa na jamaa yake katika mji wa Fayetteville, jimbo la North Carolina, karibu na kambi kubwa ya Fort Bragg. Alinunua nyumba yake kwa mkopo wa benki uliodhaminiwa na serikali. Mpango huo ulianzishwa na sheria ya mwaka 1944, iliyotiwa sahihi na Rais Franklin Roosevelt kwa ajili ya askari waliokuwa wakirejea kutoka vitani. Serikali humdhamini askari mbele ya benki, naye mara nyingi huweza kununua nyumba pasipo kutanguliza fedha.

Faida ya mpango huo ni kubwa, lakini una upande wake wa pili. Asiyetanguliza kitu hudaiwa karibu bei yote ya nyumba. Tuseme nyumba ni ya dola 300,000. Ikiwa udalali wa pande zote mbili ni asilimia 6, kama ilivyokuwa kawaida kwa miaka mingi, basi dola 18,000 zitatoka kabla muuzaji hajapata chochote. Sajini akiletewa amri ya uhamisho kabla deni halijapungua, na nyumba ikauzwa kwa bei hafifu, huenda akalazimika kuongeza fedha zake mwenyewe ili kuimaliza benki.

Mke na watoto wamekwisha kutangulia kituo kipya. Nyumba imebaki tupu, na deni la benki halisimami kwa sababu ya uhamisho. Kila mwezi upitao ni hasara. Sajini anataka wanunuzi wengi waione upesi, na pia nyumba ibaki salama na bei isiporomoke. Hapo ndipo linapozuka swali: dalali wake awepo kila mgeni ajapo, au atundike kisanduku?

HOJA ZA WANAOTAKA KISANDUKU

Wanaotetea kisanduku husema kwamba nyumba isiyoonekana hainunuliwi. Mnunuzi aliyetoka mbali ana siku moja tu ya kutazama. Akiambiwa angoje hadi kesho kutwa dalali wa muuzaji apate nafasi, hatangoja. Atakwenda nyumba ya jirani, na pengine atainunua. Kisanduku hakina harusi wala msiba, hakiugui, na hakikwami barabarani.

Hoja yao ya pili ni kwamba mnunuzi hupenda faragha. Mtu akifuatwa nyuma na dalali wa muuzaji huona haya kusema kwamba jiko ni dogo au chumba kina giza. Akiachwa na dalali wake, hukaa, hupima kwa macho mahali pa kitanda, na kuanza kujiona yumo ndani ya nyumba ile. Mtu aliyefikia hapo yu karibu kununua.

HOJA ZA WANAOTAKA DALALI AWEPO

Wengine husema kwamba dalali wa muuzaji ndiye aijuaye nyumba. Yeye ajua paa lilibadilishwa mwaka gani, mchwa walitiliwa dawa lini, na ukuta ule wenye ufa ulikwisha kukaguliwa na fundi. Dalali wa mnunuzi, ambaye pengine anaiona nyumba kwa mara ya kwanza, hawezi kujibu. Mnunuzi asiyejibiwa hujijibu mwenyewe, na aghalabu hujijibu vibaya.

Pili, dalali aliyepo hulinda. Huhakikisha kwamba mlango wa nyuma umefungwa, taa zimezimwa, paka hakutoka nje, na watoto wa wageni hawachezei vitu vya wenyewe. Ni kwa sababu hiyo nyumba za bei kubwa sana, na zile ambazo mpangaji angali anakaa ndani, mara nyingi huonyeshwa na dalali wa muuzaji mwenyewe.

Tatu, liko jambo la masikio. Mnunuzi akisema mbele ya dalali wa muuzaji, "Mke wangu ameipenda mno, hatuwezi kuikosa," amekwisha kujiongezea bei, kwa maana dalali yule ana wajibu wa kumtumikia muuzaji. Vivyo hivyo, muuzaji akibaki nyumbani na kuropoka kwamba ana haraka kwa sababu amehamishwa, maneno yake yatamrudia kwa sura ya bei ya chini. Hii ndiyo sababu madalali wengi huko huwaomba wenye nyumba watoke kabisa wakati wa maonyesho. Hata kamera za nyumbani zimeleta mashauri: katika majimbo kama California na Pennsylvania, kurekodi mazungumzo ya siri ya watu bila idhini ya wote wanaozungumza ni kosa la jinai.

HATARI KWA MWONYESHAJI

Mpaka hapa imezungumzwa hatari ya mali. Lakini iko hatari kubwa zaidi, nayo ni ya roho ya mtu.

Mwezi wa Julai mwaka 1986, mjini London, dalali wa kike mwenye umri wa miaka 25 alitoka ofisini mchana kwenda kumwonyesha mteja nyumba katika mtaa wa Fulham. Jina la mteja alikuwa ameliandika katika shajara yake. Hakurudi, na mwili wake haujapatikana hadi leo. Wazazi wake hawakukaa na machozi peke yake. Mwaka ule ule walianzisha shirika la kuwafundisha watu usalama kazini. Huko Marekani, katika jimbo la Arkansas, mwezi wa Septemba mwaka 2014, dalali mwingine mwanamke aliuawa baada ya kuitwa kuonyesha nyumba na watu waliojifanya wanunuzi.

Tangu misiba kama hiyo madalali wengi wamejiwekea kanuni. Mteja mpya hukutana kwanza ofisini, mbele ya watu, na huonyesha kitambulisho. Ofisi huambiwa nyumba gani inaonyeshwa na saa ngapi dalali atarudi. Ndani ya nyumba, mteja hutangulia na dalali hufuata nyuma. Dalali hashuki ghala la chini wala hapandi darini akiwa peke yake na mtu asiyemjua. Askari polisi msomaji atatambua mara moja kwamba hizi ni kanuni zile zile za doria: julisha ulipo, usigeuze mgongo, jua mlango wa kutokea.

MABADILIKO YA MWAKA 2024

Mwezi wa Oktoba mwaka 2023, wazee wa baraza wa mahakama moja katika jimbo la Missouri waliamua kwamba chama cha taifa cha madalali pamoja na kampuni kadhaa walikuwa wamekula njama ya kuuweka udalali juu. Mwezi wa Machi mwaka 2024 chama hicho kilikubali suluhu ya kulipa dola milioni 418 na kubadili kanuni zake. Tangu tarehe 17 Agosti 2024, mnunuzi anayetaka kutembezwa na dalali wake hutia sahihi kwanza mapatano ya maandishi yanayoonyesha dalali atalipwa kiasi gani.

Kanuni hii imeyagusa maonyesho yenyewe. Mnunuzi asiyetaka kujifunga na dalali aweza kumwendea dalali wa muuzaji na kumwomba amfungulie. Kisanduku hakimsaidii mtu kama huyo, maana yeye si dalali na hana haki ya kukifungua. Hapo dalali wa muuzaji hana budi kwenda mwenyewe, naye mnunuzi akumbuke kwamba aliye mbele yake ni mtumishi wa upande wa pili.

FUNZO KWA JAMAA ZA ASKARI

Kwetu Afrika ya Mashariki kisanduku cha umeme si kitu cha kawaida, lakini uhamisho upo. Askari huondoka, nyumba aliyoijenga kwa jasho ikabaki, na ufunguo ukaachwa kwa jirani, kwa shemeji, au kwa dalali wa mtaani anayetoza ada kwa kila mtu anayemtembeza. Mara nyingi hakuna daftari wala shahidi. Baada ya miezi miwili mwenye nyumba husikia kwamba milango imeng'olewa bawaba, au kwamba yuko mtu ndani anayesema amekwisha kulipa kodi, na fedha hazijulikani zilipo.

Kila jamaa yenye nyumba ya kuuza au kupangisha yafaa izingatie haya:

1. Fungua zihesabiwe, na kila anayekabidhiwa aandikwe jina, tarehe na saa katika daftari dogo. Aliyerudisha atie sahihi.

2. Kabla mgeni hajaingia, ondoa au fungia fedha, vyombo vya dhahabu, hati za nyumba, barua za benki na dawa za hospitali. Silaha na sare zisiachwe ndani kwa hali yoyote, bali zirudishwe au zihifadhiwe kama amri zinavyotaka.

3. Mke au binti asionyeshe nyumba peke yake kwa mtu asiyemfahamu. Pawe na mtu wa pili, na jirani ajulishwe.

4. Usimweleze mgeni kwamba una haraka, wala siku ya safari yako. Maneno hayo ni bei.

5. Mapatano na dalali yaandikwe: atalipwa kiasi gani, lini, na ni nani atakayepokea fedha za mnunuzi au mpangaji.

6. Kufuli libadilishwe mara nyumba inapouzwa au mpangaji anapotoka. Ufunguo wa zamani ni mlango uliowazi.

Sajini wa mfano wetu angeweza kuzichanganya njia zote mbili: kisanduku cha umeme kwa madalali wanaojulikana, na dalali wake kuwapo kila ajapo mtu asiyefuatana na dalali. Nyumba ingeonekana na wengi, daftari lingekuwapo, na mgeni asiyejulikana asingeingia peke yake. Chombo kizuri hupunguza kazi, lakini hakimwondolei mwenye mali wajibu wa kuuliza: nani aliingia, kwa ruhusa ya nani, na alitoka saa ngapi? Jamaa iliyo na majibu ya maswali hayo matatu yaweza kuhamia kituo cha mbali ikalala usingizi.