Wikiendi 16, Harusi Nne na Bibi wa Dumila

Hivi wewe na mwenzi wako mnapanga mitoko yenu, au mitoko ndiyo inawapanga nyie? Usijibu haraka. Chukua kalenda kwanza uhesabu. Kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Septemba 2024 mpaka ile ya mwisho kabla ya Krismasi, kulikuwa na Jumamosi 16 tu. Kumi na sita! Na kwetu, kabla hata mwezi wa nane haujaisha, droo ya kabati ilikuwa imejaa kadi: harusi nne, sendofu mbili, kichen pati tatu, kipaimara kimoja na mahafali ya kidato cha nne ya mdogo wangu.

Wenzetu wa Ulaya miezi hii ndiyo majani yanapukutika, wanatoa masweta kabatini. Sisi ni kinyume kabisa. Mavuno yameshauzwa, hela kidogo ipo mkononi, barabara bado kavu kwa sababu vuli haijachanganya, Kwaresima imepita zamani na Ramadhani iko mbali. Basi kila mwenye jambo lake analisukumia hapo hapo. Ongeza mapumziko ya Nyerere Day, ongeza Uhuru, ongeza mabango ya shoo za muziki kila nguzo ya umeme, halafu niambie hiyo familia inakaa pamoja saa ngapi.

Kwetu kulikuwa na kitu cha ziada. Mimi nafanya kazi Morogoro mjini, mume wangu yuko Dodoma. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli kweli, ndoa za namna yetu zimekuwa nyingi, zile ambazo Jumatatu mpaka Ijumaa mapenzi ni ya simu na Jumamosi ndiyo mtu na mumewe. Ukiwa kwenye ndoa ya wikiendi, anayekualika Jumamosi anakuomba kitu kikubwa kuliko anavyodhani.

Na katikati yetu, kwenye barabara ile ile, yuko mama mkwe wangu, Dumila.

Mji wa njia panda

Kwa msiopajua, Dumila ni mji mdogo wa wilaya ya Kilosa, pembeni ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Ukitoka Moro unapita Dakawa kwenye mashamba ya mpunga, mbele kidogo Magole ambako wa Turiani wanachepuka kulia, halafu unaingia Dumila, ambako wa Kilosa nao wanachepuka kushoto. Basi likisimama tu, madirisha yanajaa ndoo za nyanya, vitunguu, bamia na mahindi ya kuchoma. Abiria wengi wanapajua kwa hilo tu, dakika kumi za kununua mboga na kutafuta choo, kisha safari inaendelea.

Sisi tulipajua kwa mengine. Kwa miaka kadhaa Dumila ilikuwa ndiyo sebule yetu. Yeye anapanda basi Dodoma Ijumaa jioni, mimi na mtoto tunapanda Moro, tunakutana kwa bibi. Tunakula ugali na mlenda, kuku akichinjwa tunajua kuna mgeni mwingine anakuja, mtoto anacheza na binamu zake mpaka anasahau katuni. Jumapili mchana kila mtu anapanda basi la upande wake.

Halafu ikaja treni. Agosti 2024 safari za SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilizinduliwa rasmi, zikiwa zimeanza wiki moja kabla yake, na sitakuwa mnafiki, mimi nilishangilia kuliko wote. Mume wangu anatoka kazini, anapanda, anashuka Morogoro hata shati halijakunjamana. Lakini reli haifuati barabara ya Dumila. Inakata huko kwa Kilosa na milima yake. Kwa hiyo kadiri baba mtoto alivyozidi kufika nyumbani mapema, ndivyo mama yake alivyozidi kurukwa. Septemba nzima hatukwenda Dumila hata mara moja. Hakuna aliyekaa akaamua hivyo. Mara kichen pati, mara sendofu, mara Maulidi kwa majirani, mwezi umekwisha.

Daftari la mistari

Aliyelianzisha ni mume wangu. Akanunua daftari la shule, akaandika Jumamosi zilizobaki moja moja, akaniwekea mezani. "Mama mtoto, chagua." Tukavutana hapo karibu saa mbili, na nasema tukavutana maana si mchezo. Yeye alitaka tarehe 19 Oktoba iachwe wazi kwa sababu Simba na Yanga walikuwa wanakutana uwanja wa Benjamin Mkapa. Tarehe hiyo hiyo wifi yangu alikuwa na sendofu, Dumila. Mimi nilitaka Bagamoyo, kwenye lile tamasha la sanaa la TaSUBa ambalo kila Oktoba nasema nitakwenda. Harusi nne nazo zilikuwa hapo zinatusubiri, na kadi ni dabo, laki moja kila moja. Piga hesabu mwenyewe, hapo hatujagusa kitenge cha sare wala zawadi.

Tulichokubaliana ni hivi. Katika kila Jumamosi tatu, moja ni ya Dumila. Harusi tunahudhuria mbili, zile za watu ambao mtoto wetu akiumwa usiku tunaweza kuwapigia simu. Zilizobaki tunatuma mchango kwa simu, tunapiga na kuwapongeza, basi. Bagamoyo ikaanguka, niliumia lakini ikaanguka. Na mtoko mmoja wa familia, mkubwa, ambao hakuna MC.

Huo mtoko ulikuwa Mikumi. Nyerere Day ya mwaka 2024, tarehe 14 Oktoba, iliangukia Jumatatu, kwa hiyo tulikuwa na siku tatu mfululizo. Watu wengi wa Morogoro wameishi miaka na miaka jirani na hifadhi hii, wameipita ndani ya basi la Mbeya wakiwa wamelala, na hawajawahi kuingia. Wanadhani ni mambo ya wazungu. Jamani, kiingilio cha Mtanzania kinalipwa kwa shilingi na kiko chini sana ukilinganisha na anacholipa mgeni. Kinachoumiza ni gari. Sisi tuliungana na familia nyingine moja, tukakodi gari moja la paa la kufunguka, tukagawana gharama nusu kwa nusu. Ikatoka nafuu kuliko kuhudhuria harusi mbili.

Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza humo humo kwa kilomita kama 50. Oktoba ni wakati mzuri kwa sababu kiangazi kimekausha kila kitu, nyasi za uwanda wa Mkata ziko fupi na wanyama wanasogelea maji. Tuliona tembo, twiga, nyumbu na pundamilia mpaka mtoto akaacha kuhesabu. Kwenye bwawa la viboko tulikaa karibu saa nzima tukila maandazi na mayai ya kuchemsha ya bibi. Ndiyo, bibi tulikuwa naye. Alilala kwetu Moro Jumamosi usiku, Jumapili alfajiri akawa wa kwanza kuvaa viatu. Mwanamke amezaliwa na kuzeekea wilaya ya Kilosa, ana miaka 68, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona twiga amesimama tu, hakimbii gari. Alimwangalia mwanaye akamwambia, "Kumbe ni hapa hapa?"

Jumamosi iliyofuata ikawa ile ya sendofu. Mume wangu alivaa suti, akakaa meza ya mbele kama kaka mkubwa anavyotakiwa, na uso wake ulikuwa Mkapa. Ukumbi ulikuwa wa turubai, nyuma ya jiko la wapishi wanaume kumi na kitu walikuwa wamezunguka simu moja. MC alikuwa anaita watu wa keki, hawaji. Yanga wakapata bao moja dakika za mwishoni, nusu ya wapishi wakaacha masufuria wakakimbia kushangilia, na shemeji yangu mtarajiwa, ambaye ni Yanga damu, akaja kumpa mume wangu pole mbele ya wazee wote. Wifi yangu anasema picha ya kaka yake aliyenuna ndiyo anayoipenda kuliko zote kwenye albamu.

Simu ya jirani

Novemba tulikwenda kusikiliza bendi, sisi wawili tu, mtoto akabaki kwa dada yangu. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu wanandoa wengi tumeliacha hili. Tulipokuwa wachumba mtoko wetu ulikuwa Fiesta pale uwanja wa Jamhuri, unasimama mpaka alfajiri, vumbi mpaka masikioni. Siku hizi magoti hayataki. Lakini Morogoro si mji wa kukosa muziki. Huu ndio mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, ndio mji wa Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, ambaye alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979 na nyimbo zake hadi leo zinapigwa na bendi ambazo wanamuziki wake hawakuwa wamezaliwa. Kwenye muziki wa laivu wa namna hiyo mnacheza mmeshikana, mnaongea, na mtu mzima haoni aibu. Mume wangu alinieleza mambo ya ofisini kwake ambayo kwenye simu hajawahi kuyagusa. Tulirudi saa nane usiku.

Asubuhi saa moja simu ikaita. Jirani wa Dumila. Bibi alikuwa amezidiwa na presha tangu Alhamisi, amekwenda zahanati kwa bodaboda peke yake, kapewa dawa, kakatazwa kusimama juani, na kamkataza kila mtu asitupigie. Kwa nini? "Wikiendi hii si ya kwangu," alimwambia jirani. "Kwenye daftari lao wana muziki."

Mwe! Nilikaa kitandani simu mkononi. Mume wangu hakusema neno, alivaa. Saa tatu tulikuwa tunashuka stendi ya Dumila na mtoto mgongoni. Mama mkwe wangu tulimkuta anachambua mchele. Alituangalia mmoja mmoja akauliza nani amekufa.

Siku ile tuliongea mambo ambayo hayakuwa yamewahi kuongelewa. Nilimwambia, "Mama, daftari ni la sherehe. Wewe si sherehe." Akajibu kwamba anajua, ila anajua pia mwanaye anapata siku mbili kwa wiki za kuwa na mkewe, na yeye hataki kuwa mama mkwe wa kuzila. Alikuwa mjane akiwa na miaka 41, alisema, anafahamu Jumamosi inavyokuwa ndefu. Mume wangu alitoka nje kwenda kuangalia bomba ambalo halikuwa limeharibika.

Tuliifuta harusi ya pili siku hiyo hiyo. Mchango ulikwenda, na bwana harusi, ambaye ni rafiki wa chuo, alielewa vizuri tu. Aliyenuna ni mwenyekiti wa kamati. Vipimo vya presha sasa anafanyiwa kila mwezi na mume wangu ndiye anampeleka, kwa hiyo Jumamosi moja ya mwezi hapandi treni. Anapanda basi kama zamani, anashuka Dumila. Analalamika kidogo kuhusu miguu. Tarehe 19 Novemba, Taifa Stars ilipoifunga Guinea bao moja na kufuzu AFCON, ilikuwa Jumanne, kila mmoja yuko kwake, na simu yake ya kwanza usiku ule hakunipigia mimi. Alimpigia mama yake, ambaye hajui hata kuotea ni nini.

Desemba ilikuwa rahisi zaidi. Uhuru nayo iliangukia Jumatatu, tukakaa Dumila siku tatu bila ratiba. Mvua ilinyesha usiku wa pili, na mama mkwe akaamka kusikiliza kama wanavyofanya wengi wa pale tangu mafuriko ya Januari 2014 yalipoharibu daraja na kukata barabara kuu ya Dodoma. Mtoto aliamka naye, wakapika chai saa tisa usiku. Mimi nilisikia sauti zao, nikageuka upande wa pili nikalala.

Krismasi tulimuuliza anataka zawadi gani. Nilitegemea kitenge. Akasema anataka kupanda hiyo treni inayomrukia. Januari tulimkatia tiketi ya kutokea Kilosa mpaka Dodoma, baada ya kuitafuta namba yake ya NIDA siku mbili nzima ndani ya Biblia, ndani ya sanduku, na hatimaye ndani ya kopo la majani ya chai. Alikaa dirishani. Walipoingia kwenye mahandaki alimshika mjukuu wake mkono na kuanza kusali kwa sauti, na abiria wa kiti cha mbele akaitikia amina.