Soda, Unga na Taarifa ya Habari: Mali za Kampuni Tunazozitazama Same

Basi la kutoka Dar es Salaam likiingia stendi ya Same, wachuuzi hukimbilia madirishani na maji ya Kilimanjaro na Stoney Tangawizi ya baridi. Mgahawani ng'ambo ya pili televisheni ipo ITV, na juu ya meza kuna Nipashe. Abiria aliyeshuka kunyoosha miguu anaweza kunywa, kusoma na kutazama habari, na fedha yote ikaelekea upande mmoja.

Upande huo ni IPP, kundi lililojengwa na marehemu Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame aliyefariki Mei 2019. Mengi alikuwa mhasibu, na biashara yake ya mwanzo ilikuwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake. Habari zilikuja baadaye. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilipowafungulia mlango watu binafsi, ITV na Radio One zilikuwa hewani mwaka uliofuata. The Guardian na Nipashe nazo ni za kundi hilo, na baadaye zikaja EATV na East Africa Radio. Pembeni yake kuna Bonite Bottlers ya Moshi, kilomita 100 hivi kutoka Same, inayojaza soda za Coca-Cola, Stoney ikiwemo, na maji ya Kilimanjaro. Kundi lilijaribu na madini pia.

Kwa nini mtu mmoja ashike vyote hivyo? Kreti ya soda isiyouzwa leo itauzwa kesho. Gazeti lisilouzwa leo, kesho linafungia maandazi. Chumba cha habari kinalipa mishahara, mitambo na mafuta ya jenereta kila mwezi, matangazo yawepo yasiwepo. Mwenye kiwanda nyuma yake hupumua pale ambapo mwenye gazeti peke yake hukata roho. Hata Australia ni hivyo: mwaka 2010 mtandao wa televisheni wa Seven uliunganishwa katika kundi moja na WesTrac, kampuni inayouza mitambo ya Caterpillar kwa wachimba madini.

Bakhresa, mfanyabiashara mwenye chapa ya Azam, aliingia kwenye habari akiwa amechelewa zaidi, lakini akiwa na mfuko mnene. Unga wa ngano, juisi, aiskrimu na boti za Zanzibar vilitangulia. Azam TV ilikuja mwishoni mwa 2013. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na shirikisho la soka, TFF, mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha ya namna hiyo haitoki kwenye kuuza magazeti. Na kwa milima ya Upareni, hapa Same, king'amuzi kilileta jambo ambalo redio haikuweza. Mawimbi ya FM hugonga mgongo wa mlima, kijiji cha upande wa pili kikabaki na mkwaruzo. Dishi linatazama juu, halijali kilele cha Shengena kimesimama wapi.

Sioni kosa kwa mwenye kiwanda kumiliki kituo cha televisheni. Bila viwanda hivyo, vituo vingi visingefika vilipo. Kinachonikera ni kwamba mtazamaji wa Same haambiwi waziwazi kwamba anayemsomea habari ya bei ya sukari au ya kodi ya vinywaji ni ndugu wa muuzaji. Jambo hilo lingesemwa kwa sentensi moja kabla ya habari yenyewe.

Turudi kwenye ile chupa ya Stoney. Juu ya stendi, Mamba Miamba, wakulima wanalima tangawizi, na kiwanda cha kuisindika kimejengwa hukohuko. Mpare anashuka mlimani na gunia la tangawizi, anafika mjini ananunua soda ya tangawizi. Lakini kwa utaratibu wa Coca-Cola, kiwanda cha kujaza chupa hununua kiini cha ladha kutoka kwa Coca-Cola, kisha huongeza maji, sukari na gesi. Moshi haichagui tangawizi ya nani. Kwa hiyo kuilaumu Bonite kwa kutonunua tangawizi ya Mamba hakuna msingi. Mwenye jina kwenye chupa ndiye huamua.

Bakhresa ana chapa yake mwenyewe kwenye chupa, na kiwanda cha Mwandege, Mkuranga, tayari hununua embe na nanasi za wakulima wa Tanzania. Huyo ndiye mnunuzi wa kufuatwa. Wakulima wa Mamba Miamba wasisubiri afisa fulani awatafutie soko. Wachague watu wao, wabebe tangawizi iliyosindikwa, wakagonge mlango wakiwa na kiasi na bei mkononi.

Nanyi wakuu wa Azam na IPP, mnatuuzia maji, unga na mpira, nasi tunanunua. Pandeni Mamba siku moja mkaione tangawizi shambani, na mje na kamera zenu.