ANTENA YA RADA NA USALAMA WA VYOMBO VIDOGO BAHARINI

Wavuvi na manahodha wanakumbushwa kwamba kuwapo kwa rada melini si dhamana ya kuwa kila ngalawa itaonekana. Mengi hutegemea antena yenyewe.

Antena hurusha mawimbi ya redio kwa mapigo mafupi, kisha hupokea mwangwi unaorudi. Kwa mawimbi yenye urefu wa sentimita 3, antena ya mita 1.2 hutoa mwali wenye upana wa karibu nyuzi 2. Antena ndefu zaidi hutoa mwali mwembamba zaidi. Katika umbali wa kilomita 10, mwali wa nyuzi 2 huenea kiasi cha mita 350. Hivyo mashua mbili zilizo ubavu kwa ubavu huweza kuonekana kama moja.

Aidha, antena inayozunguka mara 24 kwa dakika humulika chombo mara moja tu kila baada ya sekunde 2.5, tena kwa muda mfupi mno. Mbao hurudisha mwangwi hafifu, ambao huweza kufunikwa na mwangwi wa bahari iliyochafuka. Chumvi na masizi yakigandamana juu ya antena, hali huzidi kuwa mbaya.

Kwa hiyo, manahodha wa meli wahakikishe kuwa antena zinasafishwa. Wavuvi nao wanashauriwa kutundika juu mlingotini kiakisi cha mabamba ya chuma yanayokutana kwa pembe mraba, ambacho huyarudisha mawimbi ya rada kule yalikotoka, na wasiache kuwasha taa usiku.