Kupima Muda Ambao Mtoto Hukaa Kitako

Kukaa kitako, kwa wataalamu wa afya, ni hali ya mtu aliye macho kuwa ameketi, ameegemea au amejilaza, huku mwili ukitumia nishati isiyozidi mara moja na nusu ya ile ya kupumzika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka 3 au 4 ajishughulishe kwa jumla ya dakika 180 kwa siku au zaidi, na asikae mbele ya skrini kupita dakika 60. Kushauri ni rahisi kuliko kupima. Mzazi akiulizwa hukisia, na mtoto mwenyewe hajui saa.

Ndiyo maana watafiti humvisha mtoto akselerometa, kifaa kidogo kinachofungwa nyongani kwa mkanda. Kihisi kilichomo hunasa mabadiliko ya kasi ya mwili mara nyingi kila sekunde, kisha vipimo hujumlishwa kwa vipande vya muda. Kwa watu wazima kipande cha dakika moja kilizoeleka. Kwa mtoto wa chekechea hutumika sekunde 15 au hata 5, maana yeye hukurupuka, akakimbia hatua chache, akasimama. Dakika nzima ingezimeza mbio hizo.

Kila kipande hupata alama, na zilizo chini ya kiwango fulani huhesabiwa kuwa kukaa kitako. Utata wote umo katika kiwango hicho. Utafiti wa Glasgow uliochapishwa mwaka 2003 ulikiweka kwenye alama 1,100 kwa dakika. Mwingine wa Marekani, wa mwaka 2008, uliofanywa kwa watoto wa miaka 5 hadi 8, ulikiweka kwenye 100, na wapo waliokitumia hata kwa wadogo zaidi. Data ya mtoto mmoja ikipitishwa kwenye viwango hivyo viwili huweza kutoa majibu yanayoachana kwa saa kadhaa. Habari kwamba watoto wa mahali fulani huketi saa nyingi haina uzito, basi, bila kutajwa kiwango kilichotumika.

Isitoshe, kifaa cha nyongani hupima mtikisiko, wala si mkao. Mtoto aliyesimama mezani akifinyanga udongo huhesabiwa kuwa ameketi. Aliyebebwa mgongoni huandikiwa hatua za mama yake. Kifaa kiitwacho activPAL, kilichobuniwa Scotland, hubandikwa pajani na kusoma mwinamo: paja likilala, mtoto ameketi, likiwa wima, amesimama. Hata hivyo watoto huchuchumaa na kupiga magoti wachezapo, na anayepiga magoti kwa kunyooka huonekana amesimama.

Kuna pia saa za kifaa kuvuliwa. Sifuri zikifuatana kwa dakika 20, programu nyingi huchukulia kwamba hakikuvaliwa, ingawa huenda mtoto alikuwa amesinzia mchana. Kwa hiyo mzazi hupewa daftari la kuandika muda wa kulala, kuoga na kuvua mkanda.