Moshi Uvujao Karibu na Injini

Mtu akishuka motokaa mjini Mbarara huku kichwa kinamuuma, kichefuchefu kimemshika na miguu ni mizito, watu wa kwetu husema mara moja kwamba ni malaria. Aghalabu husema kweli, maana mabonde ya Oruchinga na Nakivale hayana upungufu wa mbu. Lakini ikiwa abiria watatu au wanne wa gari lile lile wameumwa kichwa saa ile ile, na wote wakapata nafuu baada ya kukaa nje penye hewa, yafaa kuuliza habari za gari kabla ya kuuliza habari za mbu. Malaria haiwashiki watu wanne kwa pamoja kisha ikawaachilia kwa pamoja.

Pa kutazama kwanza ni kile chuma kiitwacho manifoldi ya ekzosi. Ndani ya kila silinda mafuta huungua, na moshi wake lazima utolewe upesi ili hewa mpya iingie. Injini ya silinda 4 ina milango ya kutolea moshi kwa kila silinda, na milango hiyo yote hufunikwa na chuma kimoja kizito chenye matawi kama vidole vya mkono. Chuma hicho hukusanya moshi na kuutia katika bomba moja, nalo hupita chini ya gari mpaka nyuma. Kati yake na kichwa cha injini huwekwa gasketi, na vyote hukazwa kwa stadi, yaani boliti zisizo na vichwa: upande mmoja zimepandwa katika kichwa cha injini, upande wa pili hufungwa nati.

Hakuna sehemu ya nje ya injini iteswayo na moto kama hiyo. Injini ya petroli ikipanda mlima na mzigo mzito, moshi wake waweza kufika digrii 800 za Sentigredi. Sasa tukumbuke somo la fizikia. Chuma cha kalibu hurefuka kadiri ya sehemu 11 katika milioni kwa kila digrii moja ya joto. Manifoldi ya sentimita 50, joto lake likipanda digrii 500, itarefuka karibu milimita 3. Kichwa cha injini hupozwa kwa maji, hakirefuki kiasi hicho. Basi kila safari vyuma hivi viwili hushindana, kimoja kikitaka kwenda na kingine kikikaa. Stadi za mwisho, zile za kando kabisa, ndizo huumia zaidi, na mara nyingi ndizo hukatika kwanza. Ongeza maji ya dimbwi yarukayo ghafula juu ya chuma chenye moto, na vifungo vya bomba vilivyokatika kwa mitikisiko ya njia za udongo ziingiazo ndani ya makazi, hata bomba likaning'inia na kuivuta manifoldi kwa uzito wake. Hapo ufa hautakawia.

Ufa ukiwa bado mdogo, gari lenyewe hutoa habari. Injini ikiwashwa asubuhi husikika mlio mwembamba, tk-tk-tk, nao huongeza kasi injini ikiongeza kasi. Gari likiisha kupata moto mlio hupungua, pengine hukoma. Dereva hufurahi, husema injini ilikuwa na baridi tu. Kumbe chuma kimetanuka na kuubana ule ufa kwa muda. Kikipoa utafunguka tena, na kila siku utazidi kidogo. Wengine husema ni tapeti za valvu. Mlio wa tapeti waweza kufanana na huu, lakini aghalabu hauongezeki kwa sababu ya mzigo tu. Moshi uvujao hulia zaidi gari likipanda kilima.

Motokaa za siku hizi zina sensa ya oksijeni katika njia ya moshi. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo ufa huweza kunyonya hewa ya nje. Sensa ikiiona hewa hiyo hudhani injini ina njaa ya petroli, nayo kompyuta ya gari huongeza petroli bure. Kwa hiyo mwenye gari hulipia ufa wake kila aendapo kununua mafuta, hata kama pua yake haijasikia kitu.

Na pua haitoshi. Moshi una harufu, lakini sumu iliyomo, monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi. Hushikamana na himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni ishikamanavyo, hata damu ikashindwa kuchukua oksijeni ya kutosha. Mtu akitoka penye hewa safi, nusu ya sumu hiyo huhitaji muda wa saa 4 au 5 hivi kumtoka. Katika migodi ya makaa ya Uingereza walitumia ndege wadogo, kanari, ili wawaonye wachimbaji, na desturi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1986. Injini ya dizeli hutoa sumu hii kidogo kuliko ya petroli, lakini huitoa. Tena moshi wa bomba la nyuma, kama gari lina kichujio chake cha kuteketeza sumu, umekwisha kusafishwa. Ule wa manifoldi haujafika huko. Zile HiAce ambazo injini yake imo chini ya viti vya mbele zahitaji uangalifu zaidi, maana kati ya manifoldi na miguu ya watu pana kifuniko tu na mpira wake, na mpira huo ukichakaa moshi hupanda. Mvua ikinyesha, madirisha yakafungwa na gari likasimama kungoja abiria huku injini yaunguruma, hatari huwa kubwa kabisa.

Kutafuta mahali panapovuja si kazi ngumu. Injini iwe baridi na imezimwa. Tazama kandokando ya gasketi na katika matawi: masizi meusi yaliyotanda kama manyoya huonyesha njia ya moshi. Kama huoni kitu, mwombe fundi mwenye kompresa apulize hewa kidogo katika bomba la nyuma, mdomo wake ukizibwa kwa kitambaa, nawe upake maji ya sabuni kwenye maungio. Povu litakuonyesha.

Kutengeneza ndiko kugumu, na ugumu wenyewe ni nati zilizoshikwa na kutu. Zitiwe mafuta mepesi ya kupenyeza, ziachwe usiku kucha. Atumiaye nguvu atakata stadi ndani ya kichwa cha injini, na kazi ya saa mbili itakuwa ya siku mbili. Stadi iliyokatika na kubakiza kipande nje huweza kuchomelewa nati juu yake, kisha ikafunguliwa. Manifoldi ikiisha kutoka, wekea uso wake rula ya chuma iliyonyooka. Ikiwa mwanga wapita chini ya rula kuliko kitabu cha gari kinavyoruhusu, uso umepinda, yafaa usawazishwe kwa mashine. Gasketi mpya juu ya uso uliopinda ni fedha iliyotupwa.

Kama ni ufa, mafundi wa kando ya njia huuchomelea kwa vijiti vya kawaida vya chuma laini. Sipendi kazi hiyo. Chuma cha kalibu kina kaboni asilimia 2 hadi 4, hakivumilii joto la mahali pamoja, na kikipoa hupasuka ubavuni mwa kiungo kipya. Achomeleaye vizuri hukipasha moto chote kwanza, hutumia vijiti vya nikeli, kisha hukifukia katika majivu au mchanga mkavu kipoe polepole. Kwa kawaida manifoldi nzima iliyotumika, iliyotolewa katika gari jingine la namna ile ile, ni bora kuliko kuchomelea mara mbili.

Wakati wa kurudisha, futa masizi yote, weka gasketi mpya, ukaze nati kuanzia katikati kwenda kando, kidogo kidogo kwa zamu, mpaka kipimo cha kitabu. Ukianza kando, katikati patainuka. Mpira wa kifuniko cha injini nao ubadilishwe. Usiamini kimya cha jioni ile ile, kwa kuwa injini ingali na moto. Washa asubuhi ya pili, ikiwa imepoa kabisa, ndipo usikilize.