Yai la kuchemsha linalomenyeka: siri iko kwenye maji ya moto, si kwenye chumvi

Ramadhan moja niliwaalika wakwe zangu kufuturu. Nikaona nisiwape katlesi za kila siku, bali niwatengenezee chops za mayai: yai zima la kuchemsha linavishwa nyama ya kusaga yenye viungo, linachovywa kwenye yai bichi na chenga za mkate, kisha linakaangwa. Kwa kutaka sifa, sikununua mayai ya duka. Nilichukua mayai 10 ya kienyeji kwa jirani anayefuga kuku uani, mengine yametagwa asubuhi ile ile. Nikayatia kwenye sufuria ya maji baridi, chumvi kijiko kizima, nikawasha jiko.

Kati ya mayai 10, 7 yalichanika. Ganda lilitoka na nyama yake, yai likabaki na mashimo kama ukuta uliokula chumvi ya bahari. Mavyaa wangu alichungulia jikoni, akatazama sinia, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mayai haya yamepigana na paka?"

Tulicheka, lakini si kila mtu anaweza kucheka. Mtazame kijana anayeuza mayai ya kuchemsha pale Mwembe Tayari, au upande wa Likoni watu wakisubiri feri. Mteja wake anataka yai zima, jeupe, lipasuliwe mbele ya macho yake litiwe kachumbari na pilipili. Lililochanika halinunuliwi kwa bei ile, au halinunuliwi kabisa. Akichemsha kreti ya mayai 30 na 6 yakachanika, amepoteza moja katika kila 5, na sijui biashara gani ndogo inayobeba hasara hiyo kila siku. Na anayepika biriani ya arusi au kuku wa kupaka, mayai yake ndiyo yanayokaa juu ya sahani mbele za wageni.

Basi kosa langu lilikuwa wapi? Nilidhani ubichi wa mayai ni sifa. Kwa kukaanga, naam. Kwa kuchemsha na kumenya, ndio mkosi wenyewe.

Chini ya ganda la yai mna tando mbili nyembamba. Baina ya tando hizo na kiini ndipo ulipo ute, ule unaokuwa mweupe ukiiva. Yai likitoka kwa kuku, ute wake una gesi ya kaboni, ile ile tunayoitoa puani. Ganda lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na siku zikipita gesi hutoka humo kidogo kidogo. Ute hubadilika: unaondoka kwenye hali ya karibu pH 8 na kupanda mpaka kama 9. Kwa lugha ya jikoni, unaelekea upande wa magadi. Ute wa yai jipya ukiiva hushikamana na utando wa ndani kwa nguvu, lakini ute wa yai lililokaa siku kadhaa hushika kidogo tu. Ndiyo maana ganda likivutwa kwenye yai jipya, utando unavuta nyama pamoja nao.

Hapa joto letu la Mombasa linatusaidia. Gesi hutoka upesi zaidi penye joto kuliko ndani ya friji. Mayai yaliyokaa siku 3 au 4 kwenye kapu jikoni humenyeka vizuri kuliko yaliyokaa siku hizo hizo kwenye baridi. Ukitaka kujua umri wa yai, litie kwenye bakuli la maji. Likilala ubavu, ni jipya. Likiinua upande wa butu, limekaa kidogo, na hilo ndilo la kuchemsha. Likielea juu kabisa, liwache.

Lakini je, ukiwa na mayai mapya tu na wageni wako njiani? Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko umri wa yai, nalo ni namna unavyoanza. Bibi zetu wengi walianza na maji baridi, mayai ndani, kisha moto. Maji yakipata joto polepole, ute nao unaiva polepole, na unapata wasaa wa kugandana na utando. Ukilitia yai kwenye maji yanayochemka tayari, ute wa nje unaganda ghafula na kujikusanya kabla haujashikana na utando. Mwandishi wa mapishi wa Marekani, J. Kenji López-Alt, aliyejaribu mamia ya mayai na kuandika matokeo yake katika gazeti la New York Times mwaka 2019, alifika hapo hapo: mwanzo wa moto ndio unaomenyeka.

Nami sasa nafanya hivi. Maji yakishachemka sawasawa, nayashusha mayai kwa kijiko, moja moja, taratibu, yasigonge chini ya sufuria. Kama yametoka kwenye friji nayawacha nje kwanza, maana baridi kuingia kwenye moto ghafula hupasua ganda. Napunguza moto ili maji yachemke bila ya fujo, nahesabu dakika 11 au 12 kwa yai kubwa la duka. La kienyeji ni dogo, dakika 9 au 10 zatosha.

Iko njia nyengine ambayo kwa sisi wa kisiwani naipenda zaidi, hasa siku ambazo mfereji umekauka na maji yanaletwa kwa mkokoteni, mtungi baada ya mtungi. Tia maji kidogo tu, kina cha inchi moja. Yakichemka, weka mayai na ufunike sufuria kwa mfuniko unaokaa sawa. Mvuke utayaivisha kwa dakika 12 au 13. Maji machache huchemka upesi, kwa hivyo na gesi inapona.

Ikiwa una jamaa Nairobi umempa dakika hizi naye akakwambia kiini kimebaki kibichi, hajakosea. Sisi tuko usawa wa bahari, maji yetu huchemka nyuzi 100. Nairobi iko juu, takriban mita 1,700, na huko maji huchemka kwenye nyuzi kama 94. Aongeze dakika mbili hivi.

Chumvi, basi? Chumvi na siki haziregezi ganda. Kazi yake ni kuwa yai likipasuka motoni, ute unaovuja hugandishwa pale pale usitapakae. Magadi kwenye maji hayapenyi vya kutosha kuleta tofauti ya maana, na yakizidi yanaacha harufu. Kutoboa kwa sindano upande wa butu hupunguza kupasuka, si kumenyeka. Sisemi mama zetu walikosea kila kitu, nasema chumvi imepewa sifa isiyokuwa yake.

Yakiiva, yamwage maji ya moto uyatie kwenye maji baridi, ya barafu ukiwa nayo. Kazi kubwa ya baridi ni kusimamisha kuiva. Ule mviringo wa kijani unaouona kando ya kiini si sumu. Ni salfa ya ute iliyokutana na madini ya chuma ya kiini kwa sababu yai limekaa motoni kupita kiasi. Halidhuru, ila mbele ya wageni linakuvunjia heshima.

Kumenya kwenyewe: ligonge pande zote, libingirishe mezani kwa kiganja mpaka ganda lote liwe na nyufa, kisha anza upande wa butu ambapo pana hewa. Hakikisha kidole kimeingia chini ya utando, si baina ya utando na ganda. Ikikataa, limenye ndani ya maji, yatajipenyeza yenyewe.

Wauzaji nao wasisahau joto. Yai lililokwisha menywa lisikae nje zaidi ya saa mbili, na jua la Januari likiwaka, saa moja ni nyingi. Ni bora kumenya mteja akiwa amesimama.

Mayai yangu 7 yaliyochanika siku ile niliyakata vipande, nikayapika mchuzi wa nazi. Chops zilitoka 3. Alizila mavyaa peke yake.